Walihamisha Kamera, Wakatuacha Sisi

Nilirudi kutoka Kyarumba, nilikoenda kumsaidia mama yangu kuvuna kahawa, mtoto mgongoni na mfuko wa maharage kichwani, nikakuta shimo uani kwangu. Nguzo ya saruji iliyobeba kamera ya watu wa mradi wa barabara ilikuwa imeng'olewa. Maji ya mvua yalikuwa yametuama shimoni, yamejaa upande mmoja tu. Nikainua macho: kamera ileile ilikuwa juu kule kwenye uwanja wa kanisa, palipo na mwamba mtupu, inatazama ng'ambo kama kawaida. Hakuna aliyenipigia simu. Hapo uvumilivu wangu ulikatika.

Nyumba yetu iko mteremkoni, juu ya Bwera. Ng'ambo ya bonde kuna jabali lililopasuka mwaka wa mvua mbaya, na chini yake inapita barabara. Watu wa mradi walikuja wakasema wanataka kujua kama jabali linatembea, na kwamba kutoka uani kwangu linaonekana vizuri kuliko kwingine kote. Mume wangu anafanya kazi Hima, kwenye kiwanda cha saruji, huja mwisho wa mwezi. Akasema kwenye simu, "Waache waweke. Ni kamera tu."

Kamera tu! Ilikuwa inapiga picha yenyewe kila siku, tik, bila mtu. Fundi alipokuja alizihamishia kwenye kompyuta, kompyuta ikalinganisha picha ya zamani na mpya, doa kwa doa la jiwe. Palipotulia palionekana buluu. Palipohama, pekundu, na mishale midogo ikionyesha pameelekea wapi. Fundi alikuwa mtu mzima, mcheshi, aliyewahi kuwa jeshini, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko.

"Mama, kuja kuona! Jiwe yenu inapanda!"

Nikaangalia. Jabali lote jekundu, mishale yote juu.

"Tangu lini jiwe likapanda?"

"Ya huku inapanda. Labda inaenda kutafuta baridi kule juu mlimani kwa theluji." Akacheka, na mtoto naye akacheka bila kujua anacheka nini.

Kisha akaweka pimamaji juu ya nguzo. Kiputo cha hewa ndani yake kikakimbilia mwisho mmoja. Akakunja kipande cha boksi la biskuti, akakisokomeza chini ya kamera mpaka kiputo kikarudi katikati. "Sawa. Sasa imetulia." Na jabali kwenye picha likashuka mahali pake. Hivyo ndivyo alivyofanya kila alipokuja. Akiondoka, jabali linaanza kupanda. Akirudi, analishusha kwa boksi la biskuti.

Jirani yangu, dada aliyevuka mpaka kutoka Butembo, anayeuza vitenge, hakuipenda kamera ile.

"Mudogo, kile kintu kiko naangalia mulima, ao kiko naangalia sisi?"

"Mlima, yaya," nikamjibu, kwa neno lao la dada mkubwa.

"Basi juu ya nini mulango yako haifungike tena?"

Mlango ule nilikuwa naufunga kwa kidole. Sasa ulikuwa unafunguka wenyewe mchana kweupe, polepole, kama kuna mgeni anayeogopa kubisha hodi.

Na mtoto. Ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea, na kila mara alianguka upande wa bondeni. Nikasema mguu una kasoro. Nikampeleka kliniki mjini Bwera, muuguzi akamtembeza sakafuni. Mtoto akaenda moja kwa moja kama askari wa gwaride.

"Huyu mzima," muuguzi akasema. "Kwani nyumbani kwenu kuna nini?"

Niliyarudia maneno hayo mbele ya fundi. Alikuwa ameikodolea macho kompyuta. Siku hiyo si jabali peke yake lililokuwa jekundu. Hata milima ya mbali nyuma yake, yote ilikuwa inapanda. Hakucheka. Alitazama rundo la maboksi yake chini ya kamera, akatazama sakafu yangu, kisha mtoto. Akasogea pembeni akampigia injinia wake kwa Kiingereza, akidhani mimi sikusoma.

"Si jabali," alisema. "Ni hapa tuliposimamisha kamera. Panainama."

Nilisubiri aniambie na mimi. Akaniaga tu. Nami, mjinga, nikaenda Kyarumba nikidhani watarudi na neno.

Basi siku ile ya shimo nilipanda hadi kanisani na matope miguuni. Fundi aliponiona alisimama kama mbele ya afande.

"Mama, hii ni maneno ya ofisi."

"Kamera mliiona iko hatarini. Huyu mgongoni hamkumwona?"

"Amri ilitoka juu. Hamisha mashine, usiogopeshe watu."

"Nionyeshe picha."

Akasita, akanionyesha picha za siku zote tangu kamera ihamishwe. Jabali lilikuwa buluu, limetulia kabisa. Lakini huku chini, pembeni, palikuwa na kitu ambacho picha za zamani hazikuwahi kukionyesha, kwa kuwa kamera ilikuwa imesimama hapohapo uani ikitazama ng'ambo: paa langu. Jekundu. Na mishale ilikuwa inashuka.

Nilimwacha mtoto kwa yaya, yule jirani wa vitenge, nikaenda ofisi ya serikali ya sabukaunti na matope yangu. Karani akaniuliza, "Unashtaki nani, mama? Mlima?" Wenzake wakacheka. Nikamwambia anipe karatasi. Nikaandika mwenyewe, nimesimama, na sikuondoka mpaka akagonga muhuri:

"Nalalamika dhidi ya mradi wa barabara. Waliweka kamera katika kiwanja changu. Walipojua kiwanja kinainama waliihamisha kamera mahali salama, wakakataza tusiambiwe. Naomba watuhamishe mimi na mtoto wangu walivyoihamisha kamera, na waeleze kwa maandishi kwa nini kamera ilitangulia."