Simu Nyekundu ya Marehemu Neville

Kama dharau ingekuwa mali, Alwyn Terblanche angeinunua Kimberley nzima pamoja na shimo lake la almasi. Alifufua simu za zamani, zile za kuzungusha namba kwa kidole, na kazi aliijua, hilo tusimnyime. Ila kadiri alivyoijua ndivyo alivyowaona wenzake wote mapunguani. Waliomchefua zaidi ni wale wanaochukua simu nyeusi wakaipaka rangi ili ionekane adimu.

"Hao si mafundi," alizoea kusema. "Wanampaka maiti wanja."

Kwake alikuwa na nyeusi, ya kijani na ya rangi ya pembe za ndovu, zote kama zilivyotoka kiwandani. Nyekundu ndiyo iliyomshinda. Aliisaka tangu ujanani, na kila aliyoletewa ilikuwa nyeusi iliyopakwa. Mkewe alikufa akisimuliwa hadithi hiyo hiyo mezani, maskini, angalau sasa kapumzika.

Jumamosi ya mkutano wa wakusanyaji wa simu hizo, kwenye ukumbi nyuma ya kanisa, Dorothea Klaasen aliingia na simu nyekundu kifuani. Mumewe Neville, aliyezikwa majuzi, alikuwa mpakaji hodari: simu za waridi, za samawati, hata moja ya madoadoa. Alwyn hakuwahi kumpa salamu ya maana.

Kwa desturi yao simu ngeni hupinduliwa, skrubu zikafunguliwa, gamba likatazamwa kwa ndani, maana mpakaji hupaka nje tu. Bwana mkubwa hakujisumbua.

"Bi Dorothea, pole na msiba. Kumbe marehemu katuachia kichekesho kingine?"

"Ifungue kwanza, Alwyn."

"Nifungue nini? Mkono wa Neville naujua hata gizani."

"Mjomba Alwyn, si uifungue tu," alisema Riaan, katibu wao. "Desturi ni desturi."

"Desturi ni ya wasiojua. Nipe kitambaa hicho!"

Akakilowesha kwa asetoni, dawa inayong'oa rangi bila kuidhuru ile plastiki ngumu nyeusi ya zamani. Akasugua kwa nguvu, macho kwa watu, wala si kwa simu. Kitambaa kikatoka chekundu, naye akakiinua juu.

"Haya! Wanja huo, mnauona?"

Hakuna aliyecheka. Akatazama chini. Chini ya wekundu kulikuwa na wekundu, na chini yake wekundu mwingine. Gamba lilikuwa limelainika, linanata, vidole vyake vimeacha mashimo. Simu nyekundu za kiwandani ziliundwa kwa plastiki nyingine, na hiyo asetoni huiyeyusha. Ukumbi mzima ulilijua hilo, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha, tena kwa matusi.

Akaketi. Hakuna aliyemsogezea hata kikombe cha kahawa, na alistahili.

"Ilikuwa ya kweli?" Dorothea akauliza.

"Ya kweli." Akakiweka kitambaa chini. "Bi Dorothea, nisamehe. Nitakutafutia nyingine, naapa."

"Mimi simu ya nini, Alwyn? Neville ndiye aliyeisaka, mgonjwa vile vile. Akaniambia, 'Mpelekee Alwyn iwe yake. Mtu mwenyewe hafai, lakini ndiye pekee atakayeitambua.'"