Tuta la Nyasi Kibanjani

Pikipiki yenyewe ilikuwa fupi kama mbuzi. Dastan aliishusha melini bandari ya Kemondo akaileta hadi kijijini Buganguzi kwa mama yake, ati familia iichezee likizo ya Krismasi. Mama yake, Alistidia, alishika kiuno. Pikipiki isiyobeba abiria wala mkungu wa ndizi, kazi yake kucheza porini! Akasema wazi kwamba huko mjini watu wamekosa kazi. Lakini alipomwona mkwewe Renatha yuko juu yake, suruali imejaa tope, anacheka, naye akacheka. Akatoa sharti moja tu: mibuni isiguswe, wapite penye nafasi.

Nafasi ilikuwa moja, nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, mahali ambapo miaka yote hapakupandwa kitu. Kila mwaka Alistidia alipatandazia nyasi kwa mikono yake, mpaka tuta likainuka. Dastan akaona pa kurukia.

Alistidia anatoka jikoni na ungo wa maharage, anaona tairi zenye meno zimechana zile nyasi, na mwanawe anageuza ili arudie. Ungo ukaanguka, akakimbia, mwanamke wa miaka sabini na goti lake bovu, akajilaza juu ya tuta. Pikipiki ilisimama hatua moja kutoka kichwani pake.

Dastan alizima injini. Akamuuliza mama yake kama amerukwa na akili.

"Hapa amelala kaka yako," alisema Alistidia. "Onesphory. Aliishi siku tisa."

Dastan aliketi palepale kwenye tope. Miaka arobaini na mitano anajijua ni kifungua mimba, kumbe! Marehemu baba yake ndiye aliyekataza mtoto yule asitajwe, asije akamwitia mkosi atakayefuata. Mama akatii, akabaki na nyasi zake. Jamani, watu wa kwetu tunajua kunyamaza.

Siku ile hakuna aliyepanda tena. Walirudisha nyasi kwa mikono, wote, Renatha akilia bila kujificha.

Asubuhi jirani yao Kokuberwa alipita njiani, akaita kwa sauti kama kawaida yake, "Mama Dastan!" Dastan alikuwa barazani ananawa uso.

"Mama Onesphory," alimsahihisha.

Ndani, Alistidia alishika fremu ya mlango. Tangu azae, hakuna aliyewahi kumwita hivyo.