Miaka Kumi Niliyomwongezea Mwamuzi

Nilikuwa karani wa tribinali, mahakama ya wenyeji, Bukavu, miaka ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji. Niliandika maneno ya wenye kesi na kumtafsiria Administrata, Mbelgiji mkuu wa eneo letu. Mwamuzi wetu alikuwa mtu wa Luhwindja, mpole, asiyekata maneno, yaani kutoa hukumu, kabla ya kusikia pande zote mbili, hata kama upande mmoja ulihitaji kutembea siku mbili kufika.

Mwaka mmoja alipata barua ya Kifaransa, akaniletea niisome. Ilisema amefikisha umri wa kuacha kazi na kupumzika, na kwamba katika noti za mwaka ule, maoni juu ya kazi yake, mkubwa wake Administrata aliandika: amezeeka, anachoka upesi.

“Huyu bwana aliniona wapi nikichoka?” akauliza.

Swali lilikuwa la haki. Administrata alikuwa mgeni, na mlango wa tribinali yetu hakuwa ameupita bado.

“Alitazama karatasi yako tu, papa. Umri wako iko pale.”

Karatasi ile niliijaza mimi. Siku mwamuzi alipoletwa kazini, Administrata wa wakati ule alimwona kijana mno. Mwaka wake wa kuzaliwa hakuna aliyeujua, hata mama yake. Basi nikamwongezea miaka kumi. Mke wa mwamuzi alinipa kuku.

“Twende tumuambie,” akasema.

Tukaenda mpaka ofisi ya Administrata, Ibanda, tukangoja asubuhi nzima. Administrata alitupokea kwa adabu.

“Mimi sijakata maneno ya mutu bila kumusikia,” mwamuzi akasema. “Ninaomba bwana akuje siku moja tu, anione nikifanya kazi, kisha aandike.”

Nikatafsiri. Halafu nikaongeza maneno yangu mwenyewe, ya ile miaka kumi.

Administrata akafikiri kidogo. “Kama umri huu ni wa kweli, anapumzika kwa heshima. Kama ni wa uongo, aliingia kazini kwa uongo, anafukuzwa. Anataka barua gani?”

Mwamuzi alisikiliza tafsiri mpaka mwisho, kama alivyozoea kabla ya kutoa hukumu.

“Hukumu yake imenyooka,” akasema. “Lakini hajaniuliza hata swali moja.”

Hilo nalo nikalitafsiri. Administrata akasema asante, akafungua faili nyingine.

Mwamuzi akabaki na barua aliyokuwa nayo. Mahali pake pakawekwa mtu aliyekuwa akimbeba mgongoni mwamuzi alipokuwa mtoto, ila karatasi za misioni zilimfanya kijana. Huyo alikuwa akisinzia kuanzia saa sita mchana. Mimi sikuadhibiwa. Katika noti zangu za mwaka ule iliandikwa kwamba mimi ni mwaminifu na mwandiko wangu ni safi. Nilizisoma kwa sababu ni mimi niliyezipanga kwenye faili.

Miezi ilipita kabla sijapata moyo wa kwenda Luhwindja. Nilimkuta shambani, bila shati, akichimba mtaro wa maji kati ya migomba pamoja na wanaume wawili wa umri wangu. Wao walikuwa wameketi wanahema.

“Papa, nilikukosea,” nikasema.

“Ulikosa, ndiyo. Na mimi nilikuona ukiandika, nikanyamaza.” Akaokota jembe la mmoja wa wale waliokaa, akanipa. “Anzia pale kwenye jiwe.”

Nilichimba mpaka viganja vikatoka malengelenge. Kisha mke wake akatuita kula.