Upande wa Milima

Wiki iliyopita nilikuwa Guangzhou kufuatilia kontena langu lililokwama bandarini Nansha. Njaa iliponizidi nikaingia mgahawa mmoja wa barabara ya Huanshi Zhonglu, nikaagiza kuskusi. Ikaja kwenye sahani ndogo ya mtu mmoja, na uma pembeni. Niliitazama kwa muda mrefu mpaka mhudumu akaniuliza kama nimeletewa kisicho changu. Kilikuwa changu, ndugu yangu. Mimi chakula hicho nilifundishwa kama somo la jiografia.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Wazazi wangu walinunua nguo Sanyuanli, hapo hapo Guangzhou, na kuzisafirisha Mwanza, nami nilikuwa mdogo, ndiyo kwanza nang'oka meno ya utoto. Wakitoka asubuhi waliniacha kwa jirani wa mlango wa pili. Alitoka Algeria. Mumewe, Mzanzibari aliyesomea Algiers, alimwoa huko akampeleka kwanza Unguja, na Kiswahili chake chote alikipata kwa mama mkwe. Nilimwita mama mdogo.

Kila Ijumaa alipika kuskusi: alikaa na sinia la unga wa ngano, akiunyunyizia maji na kuuviringisha kwa viganja mpaka uwe chengachenga, kisha akaupika kwa mvuke juu ya sufuria ya mchuzi. Ngazi nzima ilinukia mdalasini na nyama ya kondoo. Tulikula kwenye sahani moja kubwa ya udongo, na kwa adabu yao kila mtu hula upande ulio mbele yake tu.

Basi akatugawia nchi. Mimi nilipewa kaskazini, Bahari ya Mediterania na Algiers yenye nyumba nyeupe zilizopanda kilima. Mumewe alipewa Sahara, pakavu, hapana mchuzi. "Huyu mwacheni na jangwa, ndilo kubwa," alisema, "maana hashibi." Mumewe alicheka, akala jangwa lake. Huku tukitafuna mama mdogo alisimulia: Warumi waliojenga miji ya mawe, Waarabu walioleta dini, Waturuki, kisha Wafaransa waliokaa zaidi ya karne nzima na kuondolewa kwa damu, ya baba yake ikiwemo. Kabla ya wote hao walikuwapo watu wake, Waamazighi, wenye lugha yao na mizeituni yao.

Hao ndio wenye upande wa milima. Hapo alirundika karoti, dengu na vipande vya nyama vinono kuliko vyote, na mbele yake hakuketi mtu. Palikuwa pa mama yake, aliyekataa kuiacha mizeituni wakati nchi ile ilipokuwa ikichinjana yenyewe kwa yenyewe. Nilipatamani mno pale. Siku niliyonyoosha kijiko, alinishika mkono.

"Pana mwenyewe, mwanangu."

Tukimaliza kula, alipafunika kwa kawa, tukashuka kwenye kibanda cha simu. Alipiga duka la kijijini kwao, akasubiri, akapiga tena. Iliita tu. Akitoka hutamka neno la wauzaji wa sokoni, wanalokujibu wakiwa hawana unachotaka: "Meiyou." Ijumaa baada ya Ijumaa, meiyou. Akaacha kusuka nywele. Akaacha hata kunitania.

"Utajimaliza weye kabla habari haijafika," mumewe alimsihi.

"Bora nijimalize, isifike."

Ikafika. Ijumaa moja simu ilipokewa. Alisikiliza, akaurudisha mkono wa simu taratibu. Tulipanda ngazi. Ndani, alifunua kawa, akaizungusha sahani mpaka milima ikanielekea mimi.

"Kula. Hapana mwenyewe tena."

Nilikula kwa sababu nimeambiwa. Nyama niliyoitamani siku zote ilikuwa imepoa. Alinitazama mpaka nikaimaliza. Hapo ndipo alipolia, na kilio kile sijakisikia tena kwa mtu yeyote, hata misibani kwetu.

Haukupita muda wakahama. Jengo lile limeshavunjwa, na mama mdogo nimemuulizia kwa kila Mzanzibari ninayekutana naye, hakuna anayemjua. Algeria sijafika, na siku hizi sidhani kama nitafika.

Pale mgahawani niliigeuza sahani yangu, nikachagua upande mmoja uwe bahari. Nilikula kaskazini. Nilikula jangwa. Mhudumu alipokuja kuchukua vyombo, nikamshika mkono, nikamwambia pana mwenyewe.