Mwalimu wa Darajani

Watu wakinisikia nikimshukuru mzee wa ndani ya gemu ya televisheni huniangalia kama niliyepungukiwa akili, na siwalaumu. Lakini nitamshukuru tu. Mzee yule alitupiga kipigo cha mbwa, mimi na Anko, jioni baada ya jioni, na bila yeye sijui leo ningekuwa wapi. Yaani, najua. Ningekuwa magharibi mwa Kenya kwa wajomba zangu, na maisha yangu yangekuwa mengine kabisa.

Anko hakuwa ndugu ya mtu yeyote kwetu. Alikuwa mume wa mama. Alimkuta mama akiwa tayari na mimi, tukahamia kwake mtaa wa Lucky Summer, Nairobi, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, na kwa kuwa sikujua nimwite nani, nikamwita Anko, jina likashika. Nilikuwa darasa la saba mama alipougua akafariki, miaka ya tisini ikielekea mwisho. Tulimzika kwao. Kabla hata viti vya matanga havijarudishwa, wajomba walikaa wakaamua: nirudi Nairobi na Anko nimalize muhula, kisha waje wanichukue. Hakuna aliyeniuliza, maana mtoto haulizwi mambo kama hayo. Mimi sikutaka kwenda. Kule sikumzoea mtu, na katika dunia nzima aliyebaki akijua kwamba sinywi chai yenye utando, na kwamba nikinyamaza sana nina homa, alikuwa Anko. Lakini Anko naye hakusema neno, si pale matangani, si ndani ya basi tukirudi. Nikadhani amekubali.

Kazi yake ilikuwa kuuza vitu vya stima vya mitumba pale soko la Gikomba: pasi, redio, na nyaya zilizosokotana hata hujui upi ni wa nini. Siku moja alirudi na mashine ya gemu iliyokuja ndani ya gunia, pamoja na padi yake ya kubonyeza, kadi ndogo ya kuhifadhia mchezo, na sidii moja iliyokuwa imesahaulika ndani. Aliifungua, akaisugua kwa mswaki wa zamani, akaiunganisha na televisheni yetu ndogo isiyo na rangi.

"Kimya cha humu ndani kimezidi," akasema. Tangu mazishi alikuwa hajasema maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja.

Gemu yenyewe ilikuwa ya Kijapani. Hatukuweza kusoma hata herufi moja. Unamwongoza kijana mwenye upanga kutoka kijiji hadi kijiji, anaongea na watu, anapigana na madubwana, nguvu zinamwongezeka, na safari inasonga mbele. Maagizo ya kupigana tuliyajua kwa mahali yalipokaa: la juu ni kupiga, la pili ni kujikinga, la tatu ni mfuko wa dawa. Chupa za dawa zilitofautishwa kwa rangi, na sisi rangi hatukuwa nazo, kwa hiyo kupona kwetu kulikuwa bahati na kunywa sumu kulikuwa kawaida.

Basi tukafika kijiji kilicho chini ya mlima. Juu ya mlima palikuwa na daraja, na mbele ya daraja mzee ameketi mkekani, miguu peku, ndevu hadi kifuani, nguo nyeusi imefungwa kwa mshipi. Ukimsalimia anakuuliza kitu, nawe unachagua jibu la juu au la chini. Ukichagua la chini, anabaki ameketi. Ukichagua la juu, anainuka polepole, anakunja mikono ya nguo yake, na kufumba na kufumbua uko chali. Hatukuwa na shaka hata kidogo: huyo ndiye anayefunga njia, na bila kumshinda hakuna kuvuka. Tukamwita Mwalimu.

Anko alikuwa amejifunza karate ujanani, kwenye ukumbi mmoja huko Majengo, hadi mshipi wa kahawia, kisha maisha yakamwita kwingine. Mwalimu alimwamsha.

"Usiangalie mkono," aliniambia. "Mkono unakuchezea shere. Mwangalie kiuno."

Akasimama katikati ya chumba anionyeshe. Akageuka, akarusha teke, na sufuria ya sukuma wiki ikaruka kutoka mezani ikamwagika kitandani kwake. Jirani wa chumba cha pili akagonga ukuta akiuliza kama tunauana.

"Tunasoma, mama," Anko akamjibu.

Siku hiyo tulikula ugali kwa chumvi, na nikacheka hadi nikaona haya, maana udongo wa kaburi la mama ulikuwa haujakauka. Anko naye alicheka. Nilikuwa nimesahau kwamba ana pengo upande wa kushoto.

Ikawa ndio desturi yetu. Akirudi anakuta nimepika, tunakula, tunaosha vyombo, tunapanda mlima. Mimi nilishika padi, yeye akasoma kiuno. "Bado. Bado. Haya, jikinge." Tunapigwa. "Huyu mzee ana roho mbaya," anasema, na tunarudi kijijini kujipanga upya. Katikati ya vipigo hivyo ndipo tulipoanza kuzungumza juu ya mama. Ilikuwa rahisi kwa sababu wote tulitazama mbele, hakuna aliyelazimika kumwangalia mwenzake machoni. Alinisimulia jinsi walivyojuana: mama alikuja kwenye kibanda chake akimfokea mbele ya wateja kwa kumuuzia pasi mbovu. Nilikuwa sijui hilo. Nashukuru sana kwamba niliambiwa.

Shuleni niliketi dawati moja na msichana wa Kisomali ambaye binamu zake walikuwa na chumba cha kuchezea gemu upande wa Komarock. Nikamweleza shida yetu na Mwalimu. Alinicheka hadi akashika mbavu.

"Yule mzee? Yule si lazima," akasema. "Ni wa kujipima nguvu tu. Njia iko kijijini, nyuma ya kisima. Mnampita tu."

Nilifika nyumbani Anko akiwa bado kazini. Nikawasha mashine, nikamwongoza kijana wetu nyuma ya kisima, na kweli, palikuwa na pengo kwenye ua, ng'ambo yake barabara, na mwisho wa barabara mji mkubwa wenye bendera. Sikufurahi. Muhula ulikuwa umebaki kidogo. Tukiingia mji huu tutaimaliza gemu, na tukiimaliza hakutakuwa tena na kitu cha kutukalisha pamoja. Wajomba watanikuta nimeshaagwa. Nikazima bila kuhifadhi. Anko aliporudi nikamwambia leo lazima Mwalimu tumpate.

"Leo ni leo," akasema. Tukapanda mlima, tukapigwa.

Wajomba walikuja Jumapili baada ya kanisa, wawili, wamevaa suti zao za safari. Nilikuwa nyuma ya pazia nikichemsha chai kwenye stovu. Pazia lile halikuzuia kitu. Nilisikia hata kiti kikilia.

Mjomba mkubwa alizungumza kwa heshima, hilo siwezi kumnyima.

"Shemeji, tunakushukuru kwa yote. Lakini wewe bado una nguvu zako, utaoa, utapata watoto wako. Huyu ni wa dada yetu, na ni jukumu letu. Hakuna atakayesema umekosea. Wewe si lazima."

Chai ilifura ikamwagikia stovu na sikuipunguza.

"Najua si lazima," Anko akasema kwa sauti ya chini. "Hata yule mzee wa gemu si lazima."

"Mzee gani?" akauliza mjomba mdogo.

"Kuna mzee humo ndani ya televisheni. Mimi na mtoto tunapigana naye kila jioni. Mteja mmoja pale Gikomba aliniambia kitambo kwamba anapitwa tu, kuna njia nyuma ya kisima. Sikumwambia mtoto. Nilitaka tuendelee kukaa pale." Akakohoa. "Shemeji zangu, mimi si mtu wa maneno. Najua si lazima. Lakini nataka. Kama yeye naye anataka, niachieni."

Kumbe alijua. Kila "leo ni leo", kila kipigo, alikuwa anajua. Machozi yalinitoka nikayaacha yatoke.

Mjomba mkubwa akaniita. Nikatokeza na birika. Akaniangalia, akamwangalia Anko, kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia kwake: akaniuliza.

"Wewe mwenyewe unasemaje?"

Nilikuwa nimejiandalia hotuba moyoni kwa wiki nyingi. Yote ikapotea.

"Bado hatujamshinda," nikasema.

Sijui alielewa nini. Alikunywa chai yake taratibu, akasema basi niende kwao kila Desemba, nisije nikasahau kwetu. Nilikwenda kila mwaka, na yeye pia namshukuru, kwa kuwa aliuliza. Walipoondoka nikamwambia Anko kwamba hata mimi nilijua, nilikuwa nimefika hadi kwenye ule mji wenye bendera. "Kumbe tunafichana siri moja," akasema, akawasha televisheni. Mpaka leo namwita Anko. Wanangu humwita babu, na hakuna aliyewafundisha.

Mwalimu tulimshinda mwaka uliofuata, mtihani wangu wa darasa la nane ukiwa karibu. Anko alikiona kiuno, nikajikinga, nikapiga pigo la mwisho. Mzee akapiga goti, akainuka, akatuinamia kichwa, kisha akavua mshipi wake akampa kijana wetu. Daraja halikufunguka, lilikuwa limechorwa tu. Tukakaa tukiuangalia mshipi ule, ambao hatukujua ni wa rangi gani.

"Haya," Anko akasema, akivuta kiti karibu na changu. "Sasa twende kisimani."