Raboso Katika Shamba la Pamba

Mtaliano niliyekuwa nikimfulia nguo alikuwa fundi mitambo wa kiwanda cha kuchambua pamba, pale Shinyanga, miaka ya sabini. Nyuma ya nyumba yake alikuwa na mizabibu, na divai alitengeneza mwenyewe. Siku moja alinionjesha. Ilikuwa nyeusi, chachu, yenye ukakasi wa kukaza ulimi kama ndizi mbichi. Nilikunja uso, naye akacheka. Akasema zabibu hiyo inaitwa raboso, na hata kwao Italia wengi hawaijui. Wanaoijua wanalalamikia ukali wake. Mimi niliipenda papo hapo. Nilikuwa mke kijana niliyechoka kuambiwa ninyamaze, na kitu kisichojipendekeza kwa mtu kilinifurahisha.

Nilimwomba vipandikizi, nikavipanda pembeni mwa shamba letu la pamba, upande wa Ibadakuli. Mume wangu ndiye aliyefunga waya wa kuishikilia mizabibu. Mizabibu ilipozaa, Mtaliano alinunua zabibu zote na kunilipa mimi, mkononi. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kilabuni, wenzake walianza kumtania mume wangu: "Siku hizi umeoa au umeolewa?" Alirudi nyumbani akalala bila kugusa chakula nilichompakulia.

Baada ya mavuno niliipogoa mizabibu kama Mtaliano alivyonifundisha, vikabaki visiki vilivyoonekana vikavu, ingawa vilikuwa hai. Ulikuwa msimu wa kung'oa na kuchoma miti ya pamba iliyokwisha kuvunwa ili kuua wadudu, na asiyechoma alipigwa faini. Nilikwenda kuteka maji. Niliporudi, raboso yangu ilikuwa inaungua katika lundo moja na pamba.

"Vyote vikavu, ningejuaje?" mume wangu aliniambia.

Waya wa mizabibu alikuwa ameshaufungua, akaukunja vizuri na kuutundika ukutani.

Jioni bwana shamba alipita kukagua.

"Shikamoo, bwana shamba."

"Marahaba, mama. Hongereni. Shamba safi kuliko yote niliyopita leo."

Mume wangu alitabasamu, akaniagiza nimchinjie mgeni kuku. Nilichinja, nikapika, nikapiga magoti kuwanawisha mikono wote wawili. Sikuwahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia mume wangu siku ile.

Vipandikizi vingine sikuwa na pa kuviomba. Mtaliano alikuwa amemaliza mkataba na kurudi kwao, na aliyehamia nyumba yake aling'oa mizabibu, akapanda mchicha.

Niliishi na mume wangu mpaka nilipomzika. Miaka yote hiyo hakuniuliza hata mara moja kwa nini sikupanda tena kitu changu mwenyewe. Alijua.