Wimbo Baba Alioutoa Ihanja

Sikuitaka safari hii. Nilikuwa nimetoka kusahihisha mitihani wiki tatu mfululizo, magoti yananiuma, na nilichotamani ni kulala mpaka shule ifunguliwe. Lakini baba yangu, Mzee Daudi, hawezi tena kuinuka kitandani bila kushikwa, na mwezi uliopita alipata habari iliyomnyima raha kabisa. Akanituma Ihanja, mkoani Singida, nikamwombee radhi kwa mwanamke ambaye hajawahi kuzungumza naye hata mara moja.

Kisa chenyewe ni cha miaka ya sitini. Baba alikuwa kijana wa reli pale Manyoni na mpiga gitaa wa bendi ya stesheni. Bendi za wakati ule ziliiga nyimbo za Kongo na Kuba. Siku moja, kwenye redio ya mkuu wa stesheni, akasikia kwamba huko Ulaya na Marekani vijana wanachukua nyimbo za mabibi zao wa vijijini na kuzipigia magitaa ya umeme. "Nikasema, kumbe! Na sisi mabibi tunao," husimulia mpaka leo.

Basi alipoalikwa harusini karibu na Ihanja, akamsikia mwanamke nyuma ya nyumba akisaga uwele kwenye jiwe huku anaimba. Baba ni Mluguru, hakujua neno hata moja la Kinyaturu, ila masikio alijaliwa. Alikariri kila kitu, akauwekea gitaa na kipaza sauti cha betri ya gari, na wimbo ukavuma kutoka Manyoni hadi Tabora. Kiitikio chake kilikuwa neno moja, Kijanga. Baba alidhani ni jina la mto.

Mwezi uliopita, mkwe wa jirani yetu, mwenyeji wa Ikungi, alikuja kumjulia hali akamkuta anauimba. Alicheka, kisha akaacha kucheka. Akamweleza kuwa Kijanga alikuwa mtu, mume wa yule mwanamke, na kwamba kwao jambo hilo linajulikana: mke yule aliachika kwa sababu ya wimbo wa dansini. Naye bado yu hai, akaongeza, anaitwa Bibi Marta, yuko Ihanja.

Alfajiri ya Jumatatu niliondoka Morogoro. Baba alinishika mkono pale kitandani. "Mwambie sikujua," akasema.

"Baba, hayo ndiyo maneno ya wanafunzi wangu wote."

Hakucheka. Nilijuta kumtania, na majuto hayo nikasafiri nayo hadi Dodoma, nikisinzia na kuzinduka kila basi lilipopunguza mwendo.

Saa tisa alasiri nilishuka Manyoni, miguu imevimba. Nilipata chumba, nikaoga, kisha nikajikokota kwenda kuuona ukumbi wa dansi ambao baba hausahau. Siku hizi ni ghala la alizeti. Mlinzi aliniruhusu nichungulie, akashangaa nimesimama mlangoni muda mrefu.

"Humu ni magunia tu, mama," akaniambia.

Nikamwambia nimeona. Nilirudi chumbani nikalala kabla ya jua kuzama.

Saa mbili asubuhi nilipanda gari la kwenda Ikungi, na kutoka hapo nikachukua bodaboda hadi Ihanja. Upepo wa huko haupumziki, ulinijaza vumbi mdomoni na machoni. Nilipouliza kwa Bibi Marta nilionyeshwa nyumba ya bati yenye lundo la vichwa vya alizeti mbele yake. Wanawake wawili walikuwa wanavipiga kwa fimbo kupata mbegu. Mdogo kati yao, Mama Elia, mkwe wa bibi kwa mtoto wa ndoa ya pili, alinipokea begi na kunipa kigoda. Mkubwa aliendelea na fimbo yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umetoka mbali, miguu yako inasema. Kunywa maji kwanza."

Nilikunywa. Kisha nikaeleza kila kitu, vibaya, kwa mkato, kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau nusu. Nilimaliza kwa kusema baba anaomba radhi, na kwamba hakujua.

"Najua hakujua," alisema Bibi Marta. "Angejua, si angeuliza?"

Aliweka fimbo chini, akanifafanulia taratibu, namna mtu anavyomfafanulia mgeni.

"Huku kwetu, anachosema mwanamke jiweni hakina kesi. Mama mkwe anasikia, mume anasikia, wote wanajifanya viziwi. Hakuna wa kukuuliza jioni, mbona asubuhi ulisema hivi. Ukikaa pale unamwaga ya moyoni. Ukiinuka, yamekwisha. Kijanga alikuwa ananisikia kila siku na hakuwahi kunigusa kwa hilo."

"Sasa kilitokea nini?"

"Alipeleka ng'ombe mnadani Manyoni, jioni akaingia dansini. Akakuta ukumbi mzima unaimba kuwa Kijanga ni mchoyo, Kijanga analala mkewe anakufa na shamba. Pale hapakuwa na jiwe, mwanangu. Angejifanyaje kiziwi?"

Kijanga hakumpiga. Alikwenda kwa baba mkwe akadai ng'ombe wake wa mahari. Marta akarudishwa kwao, akaacha mtoto wa miaka miwili, maana mtoto ni wa ukoo wa baba.

"Mgongoni nilikuwa bado nausikia uzito wake," alisema. "Alikuja kuniona akiwa tayari na ndevu. Akanisalimia kama anavyomsalimia mwenye nyumba yoyote."

Nilishindwa kumtazama. Wimbo ule tuliuimba nyumbani tukiwa watoto, tukiruka ruka kwenye kiitikio. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani.

"Radhi ya kutumiwa mtu mimi siitoi," akasema. "Simu si ipo?"

Nilimpigia baba, nikafungua spika. Alipokea haraka, nadhani alikuwa ameishika tangu asubuhi. "Dada yangu," akaanza, "naomba..."

"Nyamaza kwanza. Jina lako nani? Na la baba yako?"

"Daudi. Daudi wa Abeli."

"Haya, Daudi wa Abeli. Nakwenda jiweni. Sheria yake ni moja: unasikia, hujibu. Nikiinuka, yamekwisha."

Jiwe lenyewe lilikuwa linazuia mlango wa banda la kuku, kwa kuwa uwele sasa unasagwa mashineni. Mama Elia aliliosha, akaleta konzi ya uwele na kijiwe cha mkononi. Bibi Marta alipiga magoti, jambo lililochukua muda, nami nikashika simu karibu yake. Akaanza kusaga na kuimba. Ulikuwa wimbo ule ule, lakini haukuwa wa kucheza. Ulikwenda pole pole, kwa mwendo wa mikono iliyochoka, na haukuwa na mahali pa kurukia. Mama Elia aligeukia ukutani, akaanza kuokota mbegu ambazo hazikuwepo. Nilielewa, nami nikatazama kando. Mara mbili nilisikia jina la baba yangu. Kwenye simu ilisikika pumzi yake tu.

Alipomaliza alijipangusa unga, tukamwinua. "Kata, mwache apumzike," akasema. Tukala ugali wa uwele na mlenda, akaniuliza habari za mvua za Morogoro. Hakuna aliyegusia tena jambo lile.

Saa tisa Mama Elia alinisindikiza barabarani. Nilimuuliza bibi aliimba nini.

"Mimi sikusikia kitu, dada," alijibu. Tulipofika kituoni akaongeza: "Ila mama ameniruhusu. Kipande chenye jina la baba yako ni chake, umpelekee." Akanitafsiria, nikaandika kwenye daftari langu la maandalio ya masomo.

Nililala tena Manyoni, na Jumatano nikashinda ndani ya basi, kichwa kikigonga kioo. Nilijifunza jambo moja tu, na lilinichosha kuliko barabara. Baba aliupenda wimbo ule kweli kweli, na mapenzi hayo hayakumsaidia mwenye wimbo hata kidogo.

Jioni nilifika Morogoro. Baba alikuwa amekalishwa, amenyolewa. Nilitegemea ataniuliza kama amesamehewa.

"Amesema nini?" aliuliza. "Safari hii nataka kujua kila neno."

Nikafungua daftari, nikamsomea:

"Daudi wa Abeli, mgongo huu ulikuwa wa mwanangu, aliyeukalia ni wewe. Nimekubeba hadi nimezeeka. Leo nakutua. Tembea mwenyewe."

Baba aliitazama miguu yake chini ya shuka. Akafungua mdomo kujibu, kisha akakumbuka, akaufunga.